Mzaha Uko Juu ya Nani?

Miaka michache iliyopita nilialikwa Kimana kuzungumza na walimu wa Kiswahili kuhusu ufundishaji wa insha. Kwa msomaji ambaye hajabahatika kufika huko, Kimana ni mji mdogo ulio kusini mwa Kajiado, kwenye barabara itokayo Emali kwenda Loitokitok, chini ya mlima Kilimanjaro. Maji ya chemchemi yameifanya sehemu hiyo kuwa shamba la nyanya na vitunguu katikati ya nchi kame ya wafugaji. Sokoni utasikia Kimaa, Kikamba, Kikuyu, na hata Kichaga kutoka ng'ambo ya mpaka, na lugha inayowakutanisha wote hao kwenye bei ya kreti ya nyanya ni Kiswahili. Fauka ya hayo, Kimana imekaa katika njia ya ndovu watokao Mbuga ya Kitaifa ya Amboseli kuelekea vilima vya Chyulu na Tsavo Magharibi. Mkulima wa huko, mazao yake yanapokaribia kuiva, halali usingizi wa moja kwa moja.

Nayataja haya kwa sababu ndiyo yaliyozaa insha iliyonifanya niandike makala haya.

Walimu wawili waliniletea insha ya mwanafunzi wa kidato cha tatu, kila mmoja akitaka nimpe haki. Swali lilikuwa la kawaida katika shule zetu: andika kisa kitakachothibitisha methali isemayo "Mzaha mzaha hutumbuka usaha." Mwanafunzi alikuwa amesimulia habari za kijana aliyeachiwa kulinda shamba la nyanya usiku. Kwa kuchoshwa na upweke wa kibanda, kijana akapiga kelele kwamba ndovu wameingia. Majirani wakatoka mbio na tochi na madebe, naye akaangua kicheko. Usiku wa pili akarudia, wakatoka tena, lakini wachache. Usiku wa tatu ndovu wakaja kweli. Kijana akapiga kelele hadi sauti ikamkauka, wala hakuna mlango uliofunguliwa. Kulipopambazuka, nyanya za mama yake, ambazo zilikuwa zikimngoja mnunuzi, zilikuwa zimesagwa na kuwa tope jekundu.

Kisa hicho si kigeni. Kila taifa lina mchungaji wake aliyedanganya kuhusu mbwamwitu, simba au fisi. Uzuri wa insha hii ulikuwa kwamba mwandishi hakumkopa mbwamwitu wa Ulaya. Alitumia ndovu anayemjua. Lakini sentensi ya mwisho ndiyo iliyozua ugomvi: "Hapo ndipo nilipotambua kwamba mzaha ulikuwa juu yangu."

Mwalimu wa kwanza alikuwa ameipigia mstari mwekundu na kuandika pembeni: "Hiki si Kiswahili." Mwalimu wa pili, ambaye hufundisha Kiingereza pia, alimtetea mwanafunzi. Alisema Kiingereza kina nahau "the joke is on you", mwanafunzi ameitafsiri sawasawa, na kila lugha hai hukopa. Mbona sisi, aliuliza, husema bila haya kwamba fulani ameua ndege wawili kwa jiwe moja?

Hoja hiyo ilikuwa nzito kuliko mwenyewe alivyodhani, nami sikutaka kuipuuza. Nahau ya Kiingereza inayohusika husemwa pale ambapo mtu aliyekusudia kumfanyia mwenzake shere amegeuka yeye kuwa kichekesho. Umemfichia mwenzako viatu ili achelewe, kumbe ulivyovificha ni vyako. Yeye amefika shuleni na wewe ndiwe uliyebaki bwenini miguu mitupu. Nahau hiyo hutumika pia bila ya mtu yeyote kukusudia mzaha. Mtu aliyebisha kwa majivuno kisha akathibitika kuwa amekosea huweza kuisema mwenyewe kujihusu, akijicheka. Kwa hiyo ni nahau ya kuonyesha kicheko kimemwangukia nani, na aghalabu aliyeangukiwa ni yule aliyetarajia kucheka.

Sasa tazama ilivyojengwa. Uzito wake wote umebebwa na neno moja dogo, kihusishi, ambacho kwa Mwingereza huonyesha mambo mengi: kitu kilicho mezani, siku ya tukio, na pia mtu anayebeba gharama. Mwingereza akisema kwamba chai "iko juu yake", ana maana kwamba atailipia. Ndivyo alivyo pia yule ambaye mzaha uko juu yake. Kicheko ni cha wote, lakini anayekilipia ni yeye.

Kiswahili hakina kihusishi chenye mzigo huo. "Juu ya" yetu ina kazi zake. Kitabu kikiwa juu ya meza, tunaelewana. "Mzaha juu yangu" msikilizaji ataufahamu kuwa ni mzaha unaonihusu, kama mtu asemavyo "hotuba juu ya elimu". Na katika mazungumzo yetu ya Kenya, "iko juu yako" maana yake ni shauri yako, amua utakavyo. Basi msomaji wa ile insha alikuwa na maana tatu mbele yake: kwamba mzaha ulimhusu kijana, kwamba uamuzi wa kufanya mzaha ulikuwa wake, au kwamba mzaha ulikuwa umekaa kichwani mwake kama kofia. Maana aliyoikusudia mwandishi ni ya nne, na haimo.

Ndipo tunapopata jibu la wale ndege wawili. Nahau iliyojengwa juu ya picha huweza kusafiri. Jiwe, ndege na mrushaji wapo kila mahali, na mtu ambaye hajasikia Kiingereza hata siku moja ataiona picha hiyo na kuielewa. Nahau iliyojengwa juu ya kihusishi haisafiri, kwa sababu kihusishi hakina picha. Kina mazoea ya wenyeji tu. Kukopa si dhambi, ila mkopaji lazima aangalie kama alichokichukua kina miguu ya kutembea chenyewe. Hilo nililisema mbele ya walimu wote wawili, na nadhani kila mmoja aliondoka na nusu ya ushindi.

Lakini yafaa tuulize: Je, Kiswahili kimenyimwa njia ya kulisema jambo hili hata mtoto wetu akaomba kwa jirani? Hasha. Kiswahili kina njia nyingi mno, na mojawapo imo ndani ya kitenzi. Tunacho kiambishi "ji", kinachomrudishia mtenda tendo lake, na tunayo kauli ya kutendea, inayoonyesha tendo limemfikia nani. Viweke pamoja na utapata amejitegea, amejichimbia, amejiletea, amejitakia. Neno moja linamweka mtu kwenye ncha zote mbili za tendo: yeye ndiye aliyetega na yeye ndiye aliyenaswa. Nahau yetu ya kujipalia makaa imejengwa hivyo hivyo. Na wahenga walipolivika umbo hilo methali walisema "Msiba wa kujitakia hauna kilio." Usemi huo ni mkali kuliko ule wa Kiingereza. Mwingereza anasema umechekwa. Mswahili anasema hata ukilia, usingoje wa kukufariji.

Kiingereza chenyewe kina usemi wa zamani ulio na ukali unaokaribia huo, na chimbuko lake ni tamthilia ya Shakespeare, Hamlet, iliyoandikwa mnamo mwaka 1600. Hamlet anamzungumzia fundi wa vita anayerushwa hewani na baruti yake mwenyewe. Katika vita vya zama hizo kulikuwa na chombo kidogo kilichoshindiliwa baruti, kikabandikwa kwenye lango la adui ili kulivunja. Mara kwa mara kililipuka kabla ya wakati na kumwua aliyekitega. Katika tamthilia hiyo, vijana wawili wanatumwa Uingereza pamoja na Hamlet wakiwa na barua inayoamuru auawe. Hamlet anaibadilisha barua usiku, na wanaouawa ni wachukuzi wake.

Msomaji wa Kiswahili anao mfano ulio karibu zaidi. Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere alichapisha Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia nyingine ya Shakespeare. Humo Shylock anamkopesha Antonio fedha kwa sharti kwamba akishindwa kulipa atakatwa ratili moja ya nyama ya mwili wake, na sharti hilo analitoa kana kwamba ni utani tu baina ya watu wawili. Wakati ulipofika, utani ukawa kisu. Shylock akadai nyama yake mbele ya mahakama, na sheria ile ile aliyoishika ikamgeukia, akatoka humo hana nyama wala fedha alizokopesha. Mwalimu atakayefundisha "Mzaha mzaha hutumbuka usaha" kwa kisa hicho hatakosa la kusema.

Hata hivyo, tukiishia hapo tutakuwa tumefunga mlango mapema. Nahau ya Kiingereza na ile ya fundi wa baruti zina imani moja zinayoishiriki, nayo ni kwamba mzaha mbaya humrudia aliyeufanya. Ni imani tamu, kwa sababu ina haki ndani yake. Methali zetu pia zinaijua. "Mchimba kisima huingia mwenyewe" ni ya ukoo huo. Lakini wahenga wetu hawakuishia hapo, maana waliona kwamba dunia haina uadilifu wa kiasi hicho. Walisema pia, "Mchuma janga hula na wa kwao." Na wakaongeza, "Mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo."

Zipange methali hizo tatu kwa utaratibu na utaona ni ngazi. Katika ya kwanza, hasara inamfikia mwenye kosa peke yake. Katika ya pili, inawafikia yeye na jamaa zake. Katika ya tatu, inawafikia hata wasiohusika kwa lolote. Na "Mzaha mzaha hutumbuka usaha" imekaa pembeni, haisemi hata kidogo usaha utamrukia nani. Inasema tu kwamba jambo lililoanza kama mwasho mdogo limevimba, limeiva na limepasuka. Linganisha sasa na nahau ya Kiingereza, ambayo ina nafasi ya mtu mmoja tu wa kuangukiwa. Anayefikiri kwa nahau hiyo peke yake atadhani kwamba mzaha ukiharibika, mwisho wa yote ni yeye mwenyewe kuchekwa.

Yamkini msomaji atasema kwamba mwanaisimu huyu anataka tuache kucheka. Sivyo. Jamii zetu zilipenda mzaha kiasi cha kuutungia sheria. Huko Tanzania desturi ya utani baina ya makabila, kama vile Wanyamwezi na Wazaramo, iliwaruhusu watu kutaniana kwa maneno ambayo kinywani mwa mtu baki yangeleta ugomvi. Mtani hukuchukulia kitu chako akacheka, na hata msibani huja na vituko vyake. Lakini utani huo una mipaka. Unajua mtani wako ni nani, naye ana haki ya kukutania vile vile, na zaidi ya hayo ana wajibu wa kukusaidia siku ya shida na ya maziko. Ndiyo maana magazeti ya huko huziita klabu za Simba na Yanga watani wa jadi, wala si maadui wa jadi. Katika utani, aliyechekwa leo anajua kwamba zamu yake ya kucheka inakuja, na kwamba anayemcheka leo ndiye atakayembebea jeneza.

Hata Waingereza wana sheria yao. Mila yao ya Siku ya Wajinga, tarehe 1 Aprili, ina mwisho wake, nao ni saa sita za mchana. Anayejaribu kumdanganya mwenzake baada ya adhuhuri, yeye ndiye huhesabiwa kuwa mjinga wa siku hiyo. Hapo ndipo nahau yao inapopata mwili. Ikishapita saa sita, mzaha unamrudia mwenyewe. Sisi tuliipokea siku hiyo, tukaipa jina la Kiswahili na kuiingiza katika shule na vyuo vyetu. Lakini katika miaka yangu yote ya kufundisha sijakutana na wanafunzi wanaoizingatia adhuhuri hiyo. Wao huadhimisha siku nzima, tangu alfajiri hadi taa za bweni zinapozimwa.

Naomba radhi kwa kulitaja linalofuata, maana ni kidonda. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Baada ya msiba huo, baadhi ya walionusurika walieleza kwamba onyo la uwezekano wa kushambuliwa lilikuwa limewafikia chuoni, lakini kwa kuwa ilikuwa tarehe 1 Aprili, kuna waliolichukulia kuwa ni mzaha wa Siku ya Wajinga.

Nieleweke vyema. Lawama ya mauaji hayo ni ya wauaji. Wala simlaumu mwanafunzi yeyote aliyelicheka onyo lile, kwa sababu pengine hata mimi ningelicheka. Ninalosema ni jambo dogo lenye uzito mkubwa. Siku ile hakuna aliyekuwa amefanya mzaha. Aliyetoa onyo alisema kweli. Lakini mizaha ya miaka iliyotangulia, iliyofanywa na watu wengine mahali pengine, ilikuwa imekwisha kulila neno lake kabla halijatoka kinywani. Hiyo ndiyo hasara ambayo nahau ya Kiingereza haina mahali pa kuiweka. Mzaha ule haukuwa juu ya mzaha-ji yeyote. Uliwaangukia wasiokuwamo.

Tangu hapo nimekuwa nikiwauliza wanafunzi wangu swali moja tunapofika kwenye somo la methali. Neno la tahadhari ni mali ya nani? Yule kijana wa insha alidhani kelele ya "Ndovu!" ni yake, aichezee apendavyo. Kumbe kelele hiyo ni mali ya kijiji kizima, kama kisima. Kila mtu huchota humo siku ya shida. Anayeitia uongo anaitia uchafu, na atakayekunywa maji hayo huenda asiwe yeye. Leo kisima hicho kimepanuka. Kijana mwenye simu anaweza kusambaza habari ya uongo ya moto, ya mafuriko au ya kufutwa kwa mtihani, na kabla hajamaliza kucheka imefika Mombasa na Kisumu. Atasema alikuwa anatania. Lakini utani, kama tulivyoona, una watani wanaojuana. Uongo uliotumwa kwa watu usiowajua si utani, hata ukiupambia vicheko.

Kwa walimu nina ombi moja. Mwanafunzi anapotafsiri nahau ya Kiingereza neno kwa neno, tusiishie kwenye kalamu nyekundu. Mstari mwekundu humwambia kwamba amekosea, haumwambii alichokuwa akikitafuta. Mwulize alitaka kusema nini, umsikilize anavyolieleza kwa kinywa chake. Mara nyingi Kiswahili sanifu na kitamu anacho, ila ameogopa kukiandika kwa kudhani kwamba nahau ndiyo humpa alama.

Nililifanya hilo siku ile ile pale Kimana. Mwanafunzi aliitwa, akasimama mlangoni kwa woga, akidhani ameitwa kuadhibiwa. Nikamsifu kwa ndovu wake, kisha nikamwuliza maana ya ile sentensi ya mwisho. Akafikiri kidogo, akajibu, "Mwalimu, nilitaka kusema kwamba alijiletea mwenyewe." Walimu wawili wakatazamana. Lile neno ambalo tulikuwa tumeligombania kwa nusu saa lilikuwa mdomoni mwake muda wote, na "ji" yake, na kauli yake ya kutendea.

Nikamwuliza tena, "Alijiletea yeye peke yake?"

Hapo hakujibu. Aliomba karatasi yake, akaketi kwenye dawati la nyuma huku sisi tukiendelea na mazungumzo yetu. Aliporudi, alikuwa ameufuta ule mwisho na kuandika mwingine. Hakutumia nahau wala methali, na mwalimu wa kalamu nyekundu hakupata cha kupigia mstari. Aliandika: "Mzaha niliuanza mimi, lakini nyanya zilikuwa za mama."